Zinki 41: kisa cha mtoto mwenye malaria kali na karatasi ya maabara iliyofika siku ya nne

Kisa hiki kimetoka wodi ya watoto ya hospitali moja mashariki mwa Uganda, kwenye ukanda wa mpakani ambako Kiswahili husikika sokoni, stendi na kwenye foleni ya wagonjwa. Umri, tarehe na baadhi ya mazingira vimebadilishwa ili familia isitambulike. Mtiririko wa tiba na hoja zilizoiongoza haukuguswa.

Nimekiandika kwa ajili ya wahudumu wenzangu, hasa wanaoanza kazi, na kwa mzazi yeyote anayejiuliza swali ambalo wodini tunaulizwa mara kwa mara: je, malaria ya mtoto imekuwa kali kwa sababu zinki yake, madini ambayo mwili huyapata kwenye chakula, iko chini? Kwa mtoto aliyekwisha kulala kitandani na malaria kali, zinki iliyoshuka kwenye damu mara nyingi ni matokeo ya ugonjwa wenyewe. Anayeishika kama chanzo anaweza kupoteza saa ambazo mtoto huyo hana.

Usuli

Mgonjwa ni binti wa miaka miwili na miezi miwili, uzito kilo 9.4. Analelewa na bibi yake mzaa mama. Mama anauza mitumba ng'ambo ya mpaka na hurudi mwisho wa juma. Baba ni utingo wa malori, hupatikana kwa simu. Chanjo za kawaida zimekamilika. Chandarua kipo kimoja, na watoto watatu hulala chini yake.

Chakula chake bibi alikieleza bila kuficha. Asubuhi uji wa mahindi, mchana na jioni posho (ugali) na maharage. Kwa kuwa ni mdogo, hupewa mchuzi zaidi kuliko maharage yenyewe. Mukene, yaani dagaa, hununuliwa bei ikishuka. Kuku wapo, ila mayai yao huuzwa ili kupata sabuni na chumvi. Kadi ya kliniki inaonyesha uzito uliosimama pale pale kwa miezi kadhaa.

Jambo moja zaidi lilikuwa na uzito baadaye. Miezi miwili kabla ya ugonjwa huu mtoto aliharisha, akapewa ORS (maji ya chumvi na sukari) na vidonge kumi vya zinki. Kuhara kulikoma siku ya tatu na bibi akaacha kumpa. Vidonge saba vilivyobaki alivitunza kabatini.

Siku tatu za nyumbani

Homa ilianza Jumamosi jioni. Bibi alimpa panadol, mtoto akapoa kidogo, usiku homa ikarudi. Jumapili asubuhi alikwenda duka la dawa la jirani. Muuzaji hakuwa na kipimo cha malaria. Alimwambia bibi kwamba watoto wanaopata malaria kali huwa wamepungukiwa zinki, na kwamba mtoto akipewa zinki mapema malaria haitapanda. Akamuuzia chupa ya zinki ya maji na panadol nyingine.

Bibi alimsimulia muuguzi hivi: "Sista, mimi nilifurahi. Nikamwambia zinki ninayo hata nyumbani. Nikampa ya chupa asubuhi, na kidonge jioni." Alifanya alichoelekezwa na mtu aliyemwamini, na alikifanya kwa bidii. Pesa ya boda ya kwenda kituo cha afya ilikuwa imeishia kwenye ile chupa. Mtoto alianza kutapika Jumapili usiku. Jumatatu alishinda amelala tu, akikataa uji, na saa tisa usiku wa kuamkia Jumanne akapata degedege.

Kituo cha afya, kisha hospitali

Alfajiri jirani aliwabeba kwa pikipiki yake hadi kituo cha afya cha daraja la tatu. Muuguzi wa zamu alifanya kipimo cha haraka, kikatoka chanya. Mtoto alikuwa hawezi kukaa wala kunyonya, na viganja vyake vilikuwa vyeupe. Muuguzi hakusubiri mganga afike. Alimwekea artesuneti, dawa ya malaria kali, ya njia ya haja kubwa, kidonge kimoja cha miligramu 100, yaani takriban miligramu 10 kwa kila kilo, akaandika saa kwenye barua ya rufaa na kumtafutia usafiri.

Alifika kwetu kabla ya adhuhuri. Joto lilikuwa nyuzi 38.9. Alipumua kwa kasi na kwa kina, aliitikia maumivu lakini hakufuatisha kitu kwa macho. Sukari ilikuwa milimoli 1.9 kwa lita. Chini ya 2.2 ni hatari. Himoglobini, yaani wingi wa damu, ilikuwa gramu 4.3 kwa desilita, wakati chini ya 5 kwa mtoto mwenye vimelea vingi ni mojawapo ya vigezo vya malaria kali. Slaidi ilijaa vimelea vya falciparum, aina moja ya vimelea vya malaria.

Alipewa glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, akapimwa tena baada ya robo saa. Artesuneti ya mshipa ilianza papo hapo kwa miligramu 3 kwa kilo, ambayo ndiyo dozi ya watoto walio chini ya kilo 20, ikarudiwa baada ya saa 12 na saa 24. Kwa kuwa fahamu zilipungua na hatukuweza kuondoa uwezekano wa maambukizi ya bakteria, tuliongeza seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria.

Damu ilipatikana mchana. Tulimpa damu nzima mililita 20 kwa kilo, si 30, kwa sababu alikuwa na homa. Uamuzi huo unatokana na utafiti wa TRACT, uliofanyika Uganda na Malawi na kuchapishwa 2019: watoto wasio na homa walinufaika na kiasi kikubwa, wenye homa walidhurika nacho. Wala hatukumwagia maji ya haraka ya mshipa, ingawa kupumua kwake kungemshawishi mtu kufanya hivyo. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST wa Uganda, Kenya na Tanzania ulionyesha kwamba maji hayo huongeza vifo kwa watoto wa aina hii.

Jumatano asubuhi alifungua macho na kumtafuta bibi.

Karatasi ya maabara

Mjomba wa mtoto alifika Jumatano hiyo hiyo. Ni mtu msomi na mwenye huruma, na alikuwa amesoma kwenye simu yake kuhusu zinki na ukali wa malaria. Aliomba sampuli ya damu itolewe, akailipia na kuipeleka maabara ya binafsi mjini, nao wakaisafirisha Kampala. Majibu yalirudi Ijumaa: zinki mikrogramu 41 kwa desilita. Pembeni iliandikwa kiwango cha kawaida kinachoanzia 65, na herufi nyekundu ya kuonyesha kwamba iko chini.

"Daktari, karatasi hii hapa," alisema. "Mmemtibu malaria siku nne, na ninawashukuru. Lakini chanzo mmekiacha."

Hoja yake ilikuwa na mantiki, na ilimgusa hata daktari wetu wa mafunzo, aliyependekeza mtoto apewe zinki miligramu 40 kwa siku. Mtoto alikuwa pia ameanza kuharisha maji maji tangu Alhamisi, mara nne hadi tano kwa siku.

Uamuzi tuliofanya na sababu zake

Tulikaa pale kitandani, mjomba na bibi wakiwepo, tukatenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja.

La kwanza: hatutabadilisha tiba ya malaria kwa sababu ya namba 41. Artesuneti ilikuwa imefanya kazi, vimelea vilipungua kila siku, na mtoto alikuwa anaanza kula. Alikuwa amepewa dozi ya nne ya sindano kwa sababu ya kutapika, na sasa angeweza kumeza. Alianza dawa ya malaria ya kumeza, artemetha na lumefantrini, kidonge kimoja mara mbili kwa siku kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo.

La pili: zinki atapewa, lakini kwa sababu ya kuhara. Mwongozo wa WHO na UNICEF tangu 2004 ni miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa zaidi ya miezi sita, siku 10 hadi 14, pamoja na ORS. Dozi ni hiyo hiyo kwa yeyote, awe na karatasi ya maabara au asiwe nayo. Dozi ya miligramu 40 tuliikataa. Zinki nyingi huleta kutapika, na mtoto huyu hakuweza kumudu kutapika dawa ya malaria. Ikitumika kwa muda mrefu kwa kiasi kikubwa, huzuia mwili kufyonza shaba, na ukosefu wa shaba nao huleta upungufu wa damu.

Mjomba aliuliza, kwa haki kabisa: "Kwa hiyo mnampa zinki, lakini mnasema si kwa ajili ya malaria. Tofauti ni nini, ikiwa kidonge ni kile kile?"

Tofauti ni kile bibi atakachofanya homa itakaporudi. Akiondoka hospitali akiamini kwamba zinki ndiyo iliyoishusha malaria, Jumapili nyingine atakwenda tena kabatini kabla ya kwenda kituoni. Hilo ndilo tulilomweleza, na bibi ndiye aliyelielewa kwanza.

Matokeo

Aliruhusiwa baada ya wiki moja, himoglobini ikiwa 7.4. Tulimpangia kurudi kila wiki kwa mwezi mzima kupimwa damu, kwa sababu baadhi ya watoto waliotibiwa kwa artesuneti chembe zao nyekundu huvunjika tena wiki moja hadi tatu baadaye. Yeye hakupata tatizo hilo. Kufikia wiki ya nne alikuwa na 9.6. Dawa ya madini ya chuma tuliichelewesha hadi wakati huo, maana mwili uliotoka kwenye malaria huifyonza vizuri zaidi mwitikio wa mwili dhidi ya maambukizi ukishatulia.

Wiki ya sita mjomba aliomba zinki ipimwe tena. Safari hii ilitolewa asubuhi, kwa chupa maalumu ya madini, na kipimo cha CRP, kinachoonyesha kama mwili bado unapambana na maambukizi, kilifanyika siku hiyo hiyo kikaonekana kawaida. Zinki ilikuwa 58. Uzito kilo 10.1.

Kipimo cha kwanza kilisema nini

Namba hizo mbili, 41 na 58, ndizo kiini cha kisa hiki.

Maambukizi makali yanapoingia, ini huvuta zinki kutoka kwenye damu na kuifungia ndani ya chembe zake kwa protini iitwayo metalothionini, kama mwenye duka la mpakani anavyoingiza bidhaa ndani akisikia vurugu sokoni. Bidhaa hazijapotea, zimeondolewa mezani. Anayehesabu vilivyo mezani saa hiyo atadhani duka limefilisika. Kadiri maambukizi yalivyo makali, ndivyo zinki ya kwenye damu inavyoshuka zaidi. Kwa hiyo watafiti wanapokuta watoto wenye malaria kali wana zinki ya chini kuliko wenye malaria ya kawaida, wanaona jambo la kweli. Kosa huanza pale msomaji anapogeuza uhusiano huo kuwa sababu.

Ushahidi wa wazi kuhusu hili ulikusanywa kwa sehemu hapa kwetu. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2002 ulihusisha watoto 1087 wenye malaria ya falciparum katika Ecuador, Ghana, Tanzania, Uganda na Zambia. Nusu walipewa zinki pamoja na dawa ya malaria, nusu wakapewa kidonge kisicho na kitu. Homa haikushuka mapema zaidi kwa waliopewa zinki, wala vimelea havikuisha haraka zaidi. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba zinki ya kwenye damu ilipanda ndani ya saa 72 katika makundi yote mawili. Ilipanda hata kwa wasiopewa zinki, kwa sababu malaria ilikuwa inatibiwa.

Kwa mtoto wetu kulikuwa na matatizo mengine juu ya hilo. Sampuli ya kwanza ilitolewa alasiri, na zinki hushuka mchana; kwa mtoto wa chini ya miaka kumi asiyefunga, kikomo cha asubuhi ni 65 lakini cha alasiri ni 57. Ilitolewa kwa chupa ya kawaida, ambayo kizibo chake cha mpira kinaweza kuongeza zinki. Chembe nyekundu ndani ya sampuli hiyo zilikuwa zimevunjika, nazo zimejaa zinki, kwa hiyo hilo nalo hupandisha namba. Tena mtoto alikuwa ameongezewa damu ya mtu mwingine siku moja kabla. Makosa haya yanavuta huku na huku, na hakuna hesabu ya kuyanyoosha. Maabara haikuandika hata moja kwenye karatasi. Iliandika 41, na familia ikaisoma kama hukumu.

Zinki kama kinga ni swali jingine

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani zinki haina maana. Swali la kumtibu mgonjwa wa malaria kwa zinki limejibiwa vizuri kiasi. Swali la kumkinga mtoto asiye mgonjwa kwa kumpa zinki kila siku lina historia ndefu na majibu yasiyolingana. Papua New Guinea, mwaka 2000, watoto waliopewa zinki walipata malaria ya falciparum iliyowafikisha kliniki kwa asilimia 38 pungufu, na habari hiyo iliwapa wengi matumaini. Mwaka uliofuata utafiti wa Burkina Faso haukuona faida kwenye malaria, ingawa kuhara kulipungua. Pemba, ambako makumi ya maelfu ya watoto walifuatiliwa, zinki haikupunguza vifo kwa kiwango cha kuridhisha kitakwimu. Handeni, Tanzania, nako matokeo ya 2011 hayakuonyesha kinga dhidi ya malaria.

Mimi ninasimama hapa: zinki ni dawa iliyothibitika ya kuhara, ni kirutubisho ambacho watoto wengi wa posho na mchuzi wanakikosa, na si dawa ya malaria.

Kilichofanya kazi

Kilichookoa maisha ya mtoto huyu, kwa maoni yangu, ni dakika chache za muuguzi wa kituo cha daraja la tatu. Kidonge kile cha artesuneti kilianza kuua vimelea saa kadhaa kabla hajafika kwetu, na saa iliyoandikwa kwenye barua ilituwezesha kujua tuko wapi. Utafiti wa AQUAMAT wa 2010 katika nchi tisa za Afrika, Uganda ikiwemo, ulionyesha vifo vya asilimia 8.5 kwa watoto waliopewa artesuneti ya sindano dhidi ya 10.9 kwa waliopewa kwinini. Hakuna kirutubisho chochote kilichowahi kuleta tofauti ya aina hiyo kwenye malaria kali.

Mazungumzo ya kitandani pia yalifaa. Mjomba hakupuuzwa. Kama tungemwambia "hilo achia madaktari", angenunua zinki ya miligramu 40 nje ya geti, nasi tusingejua.

Kilichoshindikana

Siku ya Jumapili ndiyo iliyoharibu mambo. Homa kwa mtoto wa miaka miwili katika eneo lenye malaria nyingi inahitaji kipimo ndani ya saa 24. Bibi alitafuta msaada ndani ya muda huo, tena kwa miguu yake. Kilichokosekana ni kipimo mahali alipokwenda. VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji chao hupimia na kutibu malaria bila malipo, lakini vipimo vyake vilikuwa vimekwisha na bibi alijua hivyo, ndiyo maana hakwenda. Duka la dawa lisilo na kipimo lilijaza pengo hilo kwa maneno.

La pili ni vile vidonge saba kabatini. Aliyempa zinki miezi miwili nyuma hakumweleza kwa nini vimalizwe hata kuhara kukikoma. Dozi kamili hupunguza uwezekano wa kuhara tena katika miezi miwili hadi mitatu inayofuata; mtoto huyu aliharisha tena ndani ya muda huo huo. Sidai kwamba vidonge saba vingezuia, ila bibi alistahili kuambiwa.

La tatu: mtoto aliyelazwa kwa upungufu mkubwa wa damu hubaki hatarini kwa miezi kadhaa baada ya kuruhusiwa. Utafiti wa Uganda na Kenya uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba dawa ya kinga ya malaria kila mwezi baada ya kutoka wodini hupunguza kwa jumla vifo au kulazwa tena, na WHO iliipendekeza 2022. Hospitali yetu haikuwa nayo wakati huo. Fedha iliyolipia vipimo viwili vya zinki ingemfaa zaidi mtoto huyu kama ingeweza kununua hiyo.

Kuhusu 58 na chungu cha bibi

Kipimo cha pili kilikuwa safi, na bado kilikuwa chini ya 65. Pamoja na uzito uliosimama, hapo ninaamini upungufu ulikuwepo kweli, wa wastani, na chanzo chake ni sahani. Mahindi na maharage yana zinki, lakini pia yana fitati, ambayo huishika zinki tumboni isifyonzwe. Hatukumwandikia chupa nyingine. Mtaalamu wa lishe alikaa na bibi: mtoto apewe maharage yenyewe yaliyopondwa, yawe yamelowekwa usiku na maji yamwagwe, uji utokane na unga uliochachushwa au wenye kimea cha ulezi, maana kuchachusha na kuotesha hupunguza fitati, mukene zikaushwe, zisagwe, kijiko kiingie kwenye uji, na mayai mawili kwa wiki yasifike sokoni. Hili la mayai ndilo lililobishaniwa. Bibi alikubali moja, mama aliporudi akaongeza la pili.

Kilichobadilika wodini

Sasa fomu yetu ya maabara haipokei ombi la zinki kwa mtoto mwenye homa. Ombi likija kutoka kwa familia, huelezwa lisubiri angalau wiki nne baada ya kupona, asubuhi, kwa chupa sahihi, pamoja na CRP. Kila dozi ya zinki ya kuhara hutoka na maneno mawili: kwa nini imalizwe, na kwamba haitibu homa. Ofisi ya afya ya wilaya ilipelekewa taarifa ya maduka ya dawa yanayouza tiba ya homa bila kipimo, na ya VHT waliokaa bila vipimo. VHT wa kijiji cha bibi amepata vipimo tangu hapo. Duka lile bado halina.